Kufundisha Wanafunzi wa Udaktari Altrasaundi kwa Simuleta: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Uchunguzi wa FAST

Mwanafunzi anayeshika probu ya altrasaundi kwa mara ya kwanza huutazama mkono wake. Huinua kiwiko juu, huibana probu kama anayeshika mwiko wa kusongea ugali, na kila picha inapopotea kwenye skrini huiondoa probu mwilini na kuanza upya. Kosa lake si kutojua anatomia, kwa maana mwanafunzi huyo huyo anaweza kukutajia mishipa ya ini mmoja baada ya mwingine bila kukwama. Anachokosa ni mapatano kati ya mkono na jicho, na mapatano hayo hayapatikani kitabuni, wala si haki yatafutwe juu ya tumbo la majeruhi aliyeletwa sasa hivi kutoka kwenye ajali ya bodaboda. Simuleta, yaani mashine au umbo linaloigiza mwili na picha zake, ipo kwa ajili ya pengo hilo.

Mwongozo huu unawalenga walimu wa vyuo vya udaktari na wasimamizi wa maabara za stadi za kliniki. Nimeuchukua uchunguzi wa FAST, yaani altrasaundi ya haraka anayopigwa majeruhi tumboni na moyoni, kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa una madirisha manne tu, yaani mahali panne pa kuweka probu na kutazama, na swali moja: je, kuna majimaji mahali pasipostahili kuwa na majimaji? Ni uchunguzi unaohitajika kila siku katika idara za dharura, na haja hiyo imezidi kuonekana katika ukanda wetu tangu idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 2010 na mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura kuanza nchini Tanzania.

Hatua ya 1: Andika lengo kabla ya kuuliza bei

Nimewahi kuona simuleta ya gharama kubwa ikikaa chini ya kitambaa kwa zaidi ya mwaka mzima katika chuo kimoja, si kwa sababu iliharibika, bali kwa sababu hakuna mwalimu aliyepangiwa saa za kukaa nayo. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuandikwa isiwe maombi ya bei, iwe sentensi moja inayosema mwanafunzi ataweza kufanya nini mwishoni, kwa muda gani na kwa kiwango gani. Kwa FAST, sentensi hiyo inaweza kuwa hivi: «Mwanafunzi wa mwaka wa nne ataonyesha madirisha yote manne katika dakika tano, atahifadhi picha inayosomeka ya kila dirisha, na atasema bila kuongozwa kama kuna majimaji au hakuna.» Ukishaiandika, utajua ni saa ngapi za mwalimu unazihitaji, na mara nyingi utagundua kwamba saa hizo ni adimu kuliko fedha za mashine.

Hatua ya 2: Chagua aina ya simuleta inayolingana na lengo

Kuna makundi matatu makubwa. La kwanza ni fantomu, yaani umbo la jelatini, mpira au silikoni linalopigwa picha kwa mashine halisi ya altrasaundi. Faida yake ni kwamba mwanafunzi anashika mashine ile ile atakayoikuta wodini, na picha anayoiona imetengenezwa na mwangwi wa kweli. La pili ni doli lenye vihisi, ambamo probu ya bandia hufuatiliwa mahali ilipo na upande ilikoelekea, kisha kompyuta huonyesha picha inayolingana na mkao huo. Vimedix ni mfano unaofahamika wa kundi hili. La tatu ni simuleta za kompyuta zenye kifaa cha mkononi kinachorudisha ukinzani, kama ScanTrainer, ambayo hutumika zaidi kufundishia altrasaundi ya ndani ya uke, uchunguzi ambao hakuna mwanafunzi anayepaswa kuujaribu kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza.

Makundi mawili ya mwisho yana hazina ya magonjwa ambayo fantomu haiwezi kuwa nayo, lakini bei yake inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola, na juu yake kuna leseni za programu zinazohuishwa kila baada ya muda. Maoni yangu ni kwamba chuo chenye bajeti ndogo kianze na mashine moja halisi, hata iwe ndogo ya kushika mkononi, pamoja na fantomu za kutengenezwa chuoni, na doli lenye vihisi lije baadaye, pale walimu watakapokuwa wameshazoea kufundisha.

Hatua ya 3: Tengeneza fantomu zako

Kazi hii ni ya jikoni, na wanafunzi huifurahia. Chukua lita moja ya maji ya moto yasiyochemka, nyunyiza gramu 100 za jelatini isiyo na ladha huku ukikoroga polepole, kisha ongeza vijiko viwili au vitatu vya maganda ya isabgol, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya tumbo lililofunga. Unga wa mahindi uliosagwa laini sana nao hufaa. Bila chembechembe hizo jelatini itaonekana nyeusi tupu kwenye skrini, kwa kuwa hakuna kitu cha kurudisha mwangwi. Zikiwamo, hupata rangi ya kijivu inayofanana na ini. Usikoroge kwa nguvu, maana kila povu linaloingia litakuwa nukta nyeupe yenye kivuli nyuma yake. Povu la juu litolewe kwa kijiko kabla ya kumimina.

Mimina nusu ya mchanganyiko kwenye bakuli, uache ugande kidogo kwenye friji, kisha laza juu yake vitu unavyotaka vionekane: puto dogo lililojazwa maji na kutolewa hewa yote kuwa kibofu, mrija wa mpira wenye maji kuwa mshipa, kipande cha mti kuwa ubavu unaotupa kivuli. Mimina nusu iliyobaki, rudisha kwenye friji usiku kucha. Ili kuigiza majimaji kati ya ini na figo, tengeneza fantomu mbili zinazofanana kwa kila kitu, isipokuwa moja iwe na mfuko mwembamba wa plastiki wenye maji uliolazwa kati ya maumbo mawili. Mwanafunzi asiambiwe ipi ni ipi.

Jambo moja ambalo maelekezo yanayotoka nchi za baridi hayalitaji ni joto. Jelatini huanza kulegea ikikaribia nyuzi 30 za Selsiasi na kuendelea, na chumba kisicho na kiyoyozi mjini Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hufika hapo kabla ya adhuhuri. Fanya kipindi asubuhi, uwe na fantomu za akiba kwenye friji, au tumia aga, kigandishi kinachotokana na mwani, kwa kiasi cha gramu 30 kwa lita, ambayo ikishaganda haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi 85 hivi. Aga ina ubaya wake: hupasuka haraka na haivumilii sindano. Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie mwani wa Zanzibar. Mwani unaolimwa huko kwa wingi hutoa karajinani, si aga, kwa hiyo vipimo nilivyovitaja havitakuwa vyake. Na kabla ya kununua jelatini, soma imetokana na mnyama gani, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi hawatapenda kuishika ikiwa ni ya nguruwe, na hawapaswi kulazimishwa.

Hatua ya 4: Andaa chumba

Madoli yanayofuatiliwa kwa sumaku huvurugwa na vyuma vilivyo karibu, hivyo yawekwe juu ya meza ya mbao au plastiki, mbali na kitanda cha chuma. Kompyuta iunganishwe na UPS ili umeme ukikatika kipindi kisipotee. Skrini iwe mbele ya macho ya mwanafunzi, upande wa pili wa doli, si nyuma ya bega lake. Mpangilio huu mdogo ndio unaomlazimisha kuacha kuutazama mkono. Wanafunzi wasizidi wanne kwa kila kituo, nao wafanye kazi wawili wawili, mmoja akishika probu na mwenzake akisoma orodha ya hatua na kurekebisha kina na mwanga wa picha. Kipindi cha dakika 45 kinatosha. Baada ya hapo mikono huchoka na macho huanza kuona kisichokuwapo. Vipindi vinne vifupi katika wiki nne vina faida kuliko siku moja nzima ya kushika probu hadi jioni.

Hatua ya 5: Fizikia kidogo, kwa mkono ukiwa kwenye vitufe

Usitoe mhadhara wa saa mbili. Mwanafunzi ajue mambo machache na ayaone papo hapo. Mashine hukisia kwamba sauti husafiri mita 1540 kwa sekunde ndani ya mwili, na kwa kupima muda wa mwangwi kurudi hujua kitu kiko umbali gani. Masafa ya juu hutoa picha safi lakini hufifia upesi, ndiyo maana tumbo hupigwa kwa probu ya mviringo ya megahezi 2 hadi 5. Hewa na mfupa huzuia sauti, kwa hiyo kuna jeli na kuna vivuli vya mbavu. Nyuma ya kibofu kilichojaa mkojo picha hung'aa kupita kiasi, na mwanga huo unaweza kuficha majimaji machache yaliyo nyuma yake. Mwanafunzi apunguze ukuzaji wa mwangwi mpaka mng'ao huo utulie, na aone tofauti kwa macho yake.

Hatua ya 6: Mienendo mitano ya mkono

Hapa usiharakishe. Kuna kutelezesha probu juu ya ngozi, kuiinamisha upande wa ubapa wake ili kupepeta kiungo kipande kwa kipande, kuibembea kufuata urefu wake, kuizungusha mahali pamoja kama ufunguo, na kuibana. Wanaoanza huchanganya mienendo miwili au mitatu kwa wakati mmoja, kisha hawajui ni upi uliopoteza picha. Dawa yake ni zoezi la kuchosha lakini lenye tija: mwanafunzi apate puto ndani ya fantomu, kisha mwalimu aseme neno moja tu, «inamisha», na mwanafunzi afanye hilo na si jingine, mpaka puto litoweke upande mmoja, lirudi, na litoweke upande wa pili. Halafu «zungusha». Halafu «telezesha».

Kidole kidogo na ukingo wa kiganja viguse ngozi ya doli wakati wote. Nilimwona mwanafunzi mmoja aliyehangaika kwa dakika kumi na figo iliyokuwa ikiponyoka kila mara. Mwalimu hakumweleza lolote, aliushusha mkono wake ukalala juu ya doli, na figo ikatulia. Mkono unaoelea hewani hauwezi kufanya mwendo wa milimita mbili.

Alama iliyo ubavuni mwa probu nayo ina kanuni yake: katika mkato wa upana ielekee kulia kwa mgonjwa, katika mkato wa urefu ielekee kichwani, na kwenye skrini ya tumbo alama huwa kushoto. Picha za moyo mara nyingi hugeuza kanuni hii kwenye skrini, jambo linalowachanganya hata wakongwe, kwa hiyo katika FAST ubaki na mpangilio wa tumbo kwa madirisha yote.

Kwa kufundisha mienendo na madirisha, njia ya hatua nne iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Peyton inafaa sana: mwalimu hufanya kimya kwa kasi ya kawaida; hurudia akieleza; hurudia tena akielekezwa na mwanafunzi kwa maneno; mwishoni mwanafunzi hufanya mwenyewe akieleza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara kwa mara, nayo ndiyo inayofichua nani ameelewa na nani amekariri.

Hatua ya 7: FAST, dirisha baada ya dirisha

Anza na upande wa kulia, na ukae hapo muda mrefu kuliko kwingine kote. Probu iwekwe kwenye mstari wa katikati ya kwapa, kati ya mbavu za chini, alama ikielekea kichwani, na kina kianze na sentimita 15 hivi. Vivuli vya mbavu vikikata picha, izungushwe kidogo ifuate njia iliyo kati ya ubavu na ubavu. Mwanafunzi aone ini, figo, na mstari mweupe kati yao, ambao ndio mfuko wa Morison. Sasa ainamishe probu mbele mpaka figo itoweke, kisha nyuma mpaka itoweke tena. Picha moja nzuri ya katikati haitoshi kusema hakuna majimaji. Baada ya hapo atelezeshe kuelekea miguuni mpaka aone ncha ya chini ya ini. Hapo ndipo majimaji machache huanza kuonekana, na hapo ndipo wanafunzi wengi hawafiki, kwa kuwa wamesharidhika na picha ya kitabuni. Ikiwa simuleta yako ina kisa chenye majimaji kwenye ncha hiyo peke yake, kitumie mapema. Mwishowe apande juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo: akiona mfuatano wa uti wa mgongo ukiendelea kuonekana juu ya kiwambo, kuna majimaji kifuani, kwa sababu pafu lenye hewa lingeuficha.

Upande wa kushoto ni mgumu zaidi. Bandama iko juu na nyuma kuliko wanafunzi wanavyodhani, hivyo konzi za mkono zinapaswa karibu kugusa kitanda. Majimaji huku hutangulia kukusanyika kati ya bandama na kiwambo, si kati ya bandama na figo, na tumbo lenye chakula au maji linaweza kudanganya.

Kwa moyo, probu hulazwa karibu kabisa na ngozi kwenye chembe ya moyo, ikishikwa kwa juu na si kwa chini kama kalamu, ikielekea bega la kushoto, huku ini likitumika kama dirisha, kina kiongezwe. Chini, juu tu ya kinena, probu iinamishwe kuelekea miguuni na kibofu kitazamwe kwa mikato miwili, na kwa mwanamke nyuma ya mji wa mimba pasisahaulike.

Mwanafunzi akizoea, mpe visa visivyo na ugonjwa. Hazina za simuleta zimejaa damu kila pembe, na anayefunzwa kwa visa hivyo peke yake huondoka akiamini kwamba kila weusi ni damu. Nusu ya visa iwe ya watu wenye afya, pamoja na vile vya kutatanisha kama mafuta yanayozunguka figo. Pia ajue kwamba damu iliyoanza kuganda huweza kuwa ya kijivu.

Hatua ya 8: Pima uwezo, usihesabu saa

Cheti cha kuhudhuria hakimsaidii majeruhi. Tumia jedwali la OSAUS, lililotungwa Denmark, ambalo hupima mambo saba kwa alama 1 hadi 5: sababu ya kufanya uchunguzi, ujuzi wa mashine, uboreshaji wa picha, utaratibu wa uchunguzi, usomaji wa picha, uwekaji kumbukumbu, na uamuzi wa kitabibu. Kiwango cha kufaulu kisitoke kichwani mwa mtu mmoja: waombe madaktari wachache wazoefu wafanye kisa kile kile, wafanye pia wanafunzi wasiowahi kushika probu, kisha uweke mstari kati ya makundi hayo mawili. Asiyeufikia arudie, hata mara tatu, bila kuaibishwa mbele ya wenzake. Baada ya miezi miwili au mitatu wote waitwe tena kwa dakika ishirini, kwa kuwa stadi hii hufifia isipotumika.

Hatua ya 9: Kuvuka kutoka kwa doli kwenda kwa mtu

Simuleta haipumui kwa woga, haina gesi tumboni, haina mafuta, na mara nyingi haihitaji jeli. Wapo wanafunzi waliofaulu vizuri kwa doli wakasahau jeli siku ya kwanza wodini. Waagize tangu mwanzo waichukue chupa tupu na kufanya kitendo chenyewe, na waipanguse probu kila wamalizapo.

Daraja la kati ni kupigana picha wao kwa wao, kwa hiari kamili isiyohusiana na alama, wanawake kwa wanawake wakitaka, na kanga ya kujifunika iwepo. Kabla ya siku hiyo chuo kiwe kimeandika nini kitafanyika endapo uvimbe, jiwe la figo au mimba itaonekana bila kutarajiwa: nani ataambiwa, kwa faragha ipi, na atapelekwa kliniki gani. Mwanafunzi mjamzito asitumike kwa mazoezi marefu ya kumtazama mtoto tumboni. Mimba ipigwe picha kwa sababu ya kitabibu, na kwa nguvu ndogo kadiri picha itakavyoruhusu.

Kisha wodini, chini ya macho ya mwalimu. Chama cha Madaktari wa Dharura cha Marekani, ACEP, hutaja uchunguzi 25 hadi 50 uliokaguliwa kwa kila aina ya matumizi. Mazoezi ya simuleta yanapunguza kuhangaika katika ule wa kwanza, hayafuti idadi hiyo. Mwanafunzi asimame upande wa kulia wa kitanda, aamkie, na aseme kabla ya kugusa: «Shikamoo mama. Nitakuwekea jeli tumboni, ni baridi kidogo, haiumi. Ukisikia maumivu ninapobana, niambie.» Amwombe avute pumzi na kuishikilia ili ini lishuke chini ya mbavu, jambo ambalo doli halikuwahi kumfanyia. Picha zote ziandikwe upande na dirisha, mwanafunzi aandike alichoona kabla ya kuuliza, kisha mwalimu ashike probu na kurudia uchunguzi wote mwenyewe, maana majibu yanayoingia kwenye faili la mgonjwa siku hiyo ni ya mwalimu.